Wito Usio na Mwitikio: Lugha ya Wahubiri wa Mitaani na Ugeni wa Mji, kwa Kuanzia Gongoni, Tabora

1.0 Utangulizi

Malalamiko mawili husikika mara kwa mara pale maisha ya miji mikubwa ya Afrika Mashariki yanapozungumziwa. La kwanza ni kwamba mjini mtu hana mtu: hupita siku nzima katikati ya maelfu bila ya kuitwa jina lake, na jirani wa ukuta mmoja humjua kwa sauti ya redio yake tu. La pili ni kwamba mjini hapana utulivu, kwa kuwa kila penye mkusanyiko, iwe stendi, sokoni, kivukoni au ndani ya basi, hutokea mtu akapaza sauti kuwahubiria watu ambao hawakumwomba. Kwa kawaida malalamiko haya hutajwa mbalimbali. La kwanza huachiwa wanasosholojia. La pili huachiwa maofisa wa mazingira na polisi.

Makala haya yanadai kwamba malalamiko hayo mawili yana shina moja, na kwamba shina hilo ni la kiisimu. Kinachokosekana mjini, na kinachofanya sauti ya mhubiri iitwe kelele, ni kitu kimoja: mwitikio. Kiswahili kimejengwa, katika matumizi yake ya kila siku, juu ya jozi za wito na mwitikio. Mhubiri wa mtaani huanzisha jozi hizo kwa watu asiowajua, na sehemu kubwa ya mbinu zake za kisarufi ni jitihada ya kumpata mtu wa kuitikia. Pale jitihada hiyo inaposhindikana, huendelea kusema bila ya kuitikiwa, na hapo ndipo malalamiko yanapoanza.

Mjadala unaanzia mjini Tabora, katika kata ya Gongoni, na si Dar es Salaam au Nairobi kama ilivyo desturi ya maandishi kuhusu majiji. Sababu ni kwamba Tabora ulikuwa mji wa wageni kabla ya majiji mengi ya pwani na bara kuwako, na namna wageni wake walivyoitana inatupa kipimo cha kulinganishia. Mifano ya semi iliyotolewa humu imetungwa kwa kufuata mwigo unaofahamika kwa yeyote aliyewahi kusimama katika stendi ya mabasi nchini Tanzania. Haikunukuliwa kutoka kwa mhubiri fulani.

2.0 Mtu asiyeitwa

Katika maandishi ya Ulaya na Marekani, hoja ya upweke wa mji ina historia ndefu. Georg Simmel, katika insha yake ya mwaka 1903 kuhusu miji mikubwa na maisha ya nafsi, alieleza kwamba mkazi wa jiji hupigwa na vichocheo vingi mno hata hujikinga kwa kujizuia: huona bila ya kutazama na husikia bila ya kusikiliza. Louis Wirth (1938) alisisitiza kwamba mjini watu hukutana kwa vipande. Mtu hujulikana kama kondakta, kama mnunuzi, kama mpangaji, wala hajulikani kama mtu mzima mwenye ukoo na habari zake. Erving Goffman (1963) alikwenda mbele zaidi akaonyesha kwamba kutojaliana huko kuna adabu yake: wapita njia hutupiana jicho mara moja, kisha kila mmoja huliondoa, kama kwamba anamwambia mwenzake kuwa amemwona na hana nia mbaya naye.

Nadharia hizi zina ukweli, lakini ziliundwa katika jamii ambazo salamu ndani yake si wajibu mzito. Kwa msemaji wa Kiswahili, kumpita mtu kimya si adabu ya namna yoyote ile. Ni tendo linalohitaji kuelezwa. Yule asemaye *shikamoo* hubaki akining'inia mpaka aambiwe *marahaba*. Abishaye *hodi* hawezi kuingia mpaka asikie *karibu*. Mtambaji wa hadithi asemapo *paukwa* hasongi mbele mpaka wasikilizaji wamwambie *pakawa*, na mwenye kitendawili hategi mpaka aambiwe *tega*. Kwa Wanyamwezi na Wasukuma *mwangaluka* ya asubuhi hujibiwa kwa neno lilelile, kana kwamba kila mmoja anamrudishia mwenzake alichopewa. Malinowski (1923) aliyaita mazungumzo ya aina hii mawasiliano ya kushikamanisha watu, ambayo kazi yake si kupeleka habari. Istilahi hiyo ni sahihi, ila inaweza kumfanya msomaji adhani kuwa ni mambo ya pembezoni. Katika Kiswahili salamu ndiyo mlango, na asiyepita mlangoni ameingia kwa dirisha.

Kwa hiyo ugeni wa jiji huhisiwa na msemaji wa Kiswahili hasa kama upungufu wa lugha. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Hakuna awezaye kuwaamkia wote anaokutana nao kati ya Kariakoo na Posta, na asingefika aendako kama angejaribu. Salamu hukatwa, kisha hufupishwa kuwa *mambo* na *poa*, kisha huachwa. Mtu aliyezoea kuitwa Mama Fulani au Baba Fulani, yaani kuitwa kwa jina linalomfunga na mtoto wake na nyumba yake, hujikuta haitwi chochote.

3.0 Tabora: mji wa wageni wasio wapweke

Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857 walikuta makazi ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili katikati ya nchi ya Unyanyembe, penye watu waliotoka Pwani, Oman, Manyema, Usukuma na kwingineko. Wakati huo Dar es Salaam haijaanzishwa: Sultan Majid aliuanza mji huo katika miaka ya 1860. Unyanyembe ndiko njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo ilikogawanyika, tawi moja likielekea Ujiji na jingine likielekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Reli ya Wajerumani ilipofika Tabora mwaka 1912, umbali wa kilometa 840 hivi kutoka Dar es Salaam, ilifuata kwa sehemu kubwa desturi ya safari iliyokwisha kuwako, na mwaka 1914 ilifika Kigoma.

Majina ya mitaa ya mji huo ni ushahidi wa kiisimu. Gongoni ni jina la Kiswahili kwa umbo lake, wala si la Kinyamwezi. Kiambishi tamati cha mahali *-ni* ni cha Kiswahili, ilhali Kinyamwezi huonyesha mahali kwa viambishi awali vya ngeli. Jina hilohilo linapatikana pia pwani ya Kenya, kaskazini ya Malindi. Ng'ambo, jina la kata nyingine ya Tabora, ni neno ambalo Unguja nao walilitumia kuutaja upande wa pili wa mji wao. (Asili ya jina la mji wenyewe husimuliwa kuwa ni *matobolwa*, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, chakula cha njiani, kama simulizi hiyo ni ya kweli, basi hata jina la mji ni la wasafiri.) Waliozipa kata hizi majina walikuwa watu waliokuja na lugha yao wakaiacha juu ya ardhi.

Swali basi ni hili: mji wenye wageni wengi kiasi hicho ulikuwa na njia gani ya kumwita mtu usiyemjua? Njia iliyotafitiwa zaidi ni utani. R. E. Moreau, aliyeandika juu ya jambo hili katika miaka ya 1940, na watafiti waliomfuata, wameuhusisha utani baina ya makabila na safari za biashara za karne ya 19. Wanyamwezi, ambao ndio waliokuwa wapagazi wakuu wa njia hiyo, walikuwa na watani miongoni mwa makabila ya Pwani na ya njiani, wakiwamo Wazaramo na Wazigua. Mtani angeweza kumtukana mtani wake bila ya kuudhi, kuchukua kitu chake kidogo bila ya kuitwa mwizi, na kumzika akifa ugenini. Kwa mtazamo wa isimujamii, utani ni mfumo wa kuitana uliotengenezwa mahsusi kwa watu wasiojuana. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyefika Bagamoyo hakuhitaji kujua jina la Mzaramo aliyekutana naye. Alihitaji kujua kabila lake tu, na mara moja palikuwa na la kusema na la kujibu. Wito ulikuwa tusi, na mwitikio ulikuwa tusi kubwa zaidi.

Kelele nazo zilikuwako. Msafara haukuwa kitu cha kimya. Kirangozi aliyetangulia na bendera, mpiga ngoma, mlio wa baragumu, nyimbo za wapagazi, bunduki zilizofyatuliwa msafara ulipokaribia mji, na tangazo la jioni la kwamba kesho ni safari, vyote vimeelezwa kwa kirefu na wasafiri wa wakati ule. Lakini sauti hizo zilikuwa na mwenye kuzipokea. Wimbo wa wapagazi ulikuwa na kiongozi na waitikiaji; tangazo la kirangozi lilipokewa kwa makelele ya kambi nzima; mlio wa bunduki ulijibiwa kutoka mjini. Vivyo hivyo zikri za tarika ya Qadiriyya, iliyoenea kwa njia hiyohiyo hadi Tabora na Ujiji: ni sauti kubwa, lakini ni sauti ya duara, ambamo hapana anayesema peke yake.

Isidhaniwe hapa kwamba njia ya misafara ilikuwa pepo ya undugu. Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa, na kwa mtumwa safari ilikuwa ndiyo mahali pa kupokonywa jina, ukoo na watani kwa pamoja, kisha kupewa jina jingine na yule aliyemnunua. Hapana upweke wa jiji la leo unaoweza kulinganishwa na huo. Linalodaiwa ni dogo zaidi: kwamba wingi wa wageni peke yake haumfanyi mtu awe mpweke, na ukubwa wa sauti peke yake hauifanyi iwe kelele. Inategemea kama anayeitwa amepewa nafasi ya kuitika.

4.0 Sarufi ya kumwita usiyemjua

Mhubiri wa mtaani wa leo hana utani wa kutegemea. Kabila la mpita njia halijui, na hata akilijua, shughuli yake si ya mzaha. Hutumia basi vifaa vingine vitatu, ambavyo vinastahili kuchunguzwa kwa karibu.

Cha kwanza ni salamu ya imani. *Bwana Yesu asifiwe* hudai *amina*. *Tumsifu Yesu Kristo* ya Wakatoliki hudai *milele amina*. *Asalaam alaykum* hudai *wa alaykum salaam*. Na *takbir* hudai *Allahu akbar*. Hizi ni jozi kamili, na kwa umbo lake hazina tofauti na *paukwa* na *pakawa*. Hazina tofauti pia na jozi za mikutano ya siasa, ambako jina la chama hutajwa na umati ukajibu *hoyee*. Mhubiri aliyekulia Tanzania amezisikia zote, na ni vigumu kusema alijifunza kupaza sauti kanisani au uwanjani. Lakini jozi za imani zina kasoro moja zinapotoka nje ya jengo: huwagawa wasikilizaji palepale. Anayejibu amekwisha kujitangaza kuwa ni wa kundi fulani mbele ya umati. Kwa hiyo kimya cha mpita njia si lazima kiwe ni dharau. Mara nyingi ni kukataa kuwekwa upande.

Cha pili ni maneno ya ukoo. Brown na Gilman (1960) walionyesha kwamba lugha nyingi za Ulaya hutofautisha heshima na usuhuba kwa viwakilishi vya nafsi ya pili. Kiswahili sanifu hakina tofauti hiyo. Kazi yake hufanywa na *mama*, *baba*, *kaka*, *dada*, *mzee*, *ndugu* na mengineyo. Neno *ndugu* limekwisha kupita katika mikono mingi: lilitoka katika ukoo, likawa jina la heshima la mwananchi baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na sasa linasikika zaidi katika vinywa vya wahubiri na katika barua za ofisi. Mhubiri anapomwita mwanamke asiyemjua *mama*, hasemi uongo kwa kanuni za Kiswahili. Anamweka katika nafasi ambayo kila mwanamke wa umri huo anayo. Tatizo ni kwamba nafasi hiyo ni ya kila mtu, na inayomfaa kila mtu haimgusi yeyote.

Cha tatu, ambacho ndicho muhimu zaidi, ni kishazi rejeshi. Tazama semi za aina hii:

(1) Wewe mama uliyebeba kikapu, Mungu anakuona.
(2) Wewe kijana unayecheka hapo, unajua utalala wapi leo?
(3) Wewe unayepita kama husikii, unasikia.
(4) Wewe usiyeamini, siku yako inakuja.

Katika mtaa wa namna ya Gongoni, ambako watu wamekaa pamoja miaka mingi, mwanamke wa sentensi (1) angeitwa kwa jina la mwanawe. Mhubiri hana jina hilo. Badala yake huchukua kitendo anachokiona na kukigeuza kuwa jina: *uliyebeba*, *unayecheka*, *unayepita*. Kirejeshi kinafanya kazi ya nomino ya kuitia. Ni ubunifu mkubwa, na ni wa kisarufi kabisa.

Umbo la kitenzi chenyewe linafichua ugumu wa kazi hiyo. Katika *unayepita*, kiambishi *u-* ni cha nafsi ya pili umoja na kinasema waziwazi kwamba anayeitwa ni wewe. Lakini *-ye-* si kiambishi cha nafsi ya pili. Ni kirejeshi cha ngeli ya watu, kilekile kinachopatikana katika *anayepita*, na hakitofautishi baina ya wewe na mtu mwingine yeyote. Kiswahili hakina kirejeshi maalumu cha nafsi ya pili umoja. Hivyo kila mara mhubiri anapomwita mpita njia kwa kitendo chake, kitenzi humwita mara mbili: mara ya kwanza kama *wewe*, na mara ya pili kama mtu tu. Nusu ya neno inamshika mkono, na nusu inamwacha aende. Mpita njia, ambaye hajasoma isimu, husikia nusu zote mbili. Anaweza kusimama kwa sababu ya *u-*, au akaendelea na safari yake kwa sababu ya *-ye-*, akijiambia kwamba wapitao ni wengi.

Sentensi (4) ni ya aina nyingine. Mbeba kikapu anaonekana, asiyeamini haonekani. Kirejeshi cha kukanusha, ambacho hakina wakati, humwita mtu kwa jambo asilolifanya, na hivyo humwita kila mtu anayejishuku. Wahubiri wenye uzoefu huanza na sentensi za aina ya (1) na kumalizia na za aina ya (4): kikapu hutangulia, dhambi hufuata. Wale wasio na uzoefu huanza na ya (4), na ndio ambao watu huwapita haraka zaidi.

Inafaa kuwalinganisha na wachuuzi, maana wako kando ya barabara ileile na wanatumia sarufi inayokaribiana. Mmachinga husema *dada wa gauni jekundu, karibu*, naye pia amelitunga jina kutokana na anachokiona. Lakini mchuuzi akijibiwa *sina hela* hugeukia mwingine. Jibu, hata la kukataa, limeifunga jozi. Kwa mhubiri jibu la kukataa halifungi kitu. Huwa ni mwanzo wa sehemu ya pili ya mahubiri.

5.0 Kipaza sauti

Hadi hapa imezungumziwa sauti ya koo. Kipaza sauti hubadili hali kwa namna ambayo haihusu ukubwa wa sauti peke yake. Asemaye bila ya chombo anaweza kujibiwa na yeyote aliye karibu, kwa kuwa koo ni sawa na koo. Asemaye kwa chombo hawezi kujibiwa, hata na mwenye koo kubwa. Mzaha wa mpita njia, ambao ungekuwa mwitikio halisi na ambao mtani wa zamani angeutarajia, humezwa. Katika kona ya wasemaji ya Hyde Park jijini London, ambayo sheria ya mwaka 1872 iliipa nafasi, desturi ni kwamba wasikilizaji humkatiza msemaji, na msemaji hodari ni yule anayejua kuwajibu.

Adhana hupaswa kutajwa hapa, kwa kuwa nayo hutolewa kwa kipaza sauti na mara nyingine huingizwa katika mjadala huuhuu. Kiisimu ni kitu tofauti. Ina saa zake, ina maneno yasiyobadilika, na anayeisikia ana mwitikio aliofundishwa: huyakariri maneno ya mwadhini kwa sauti ya chini, isipokuwa penye wito wa kuijia sala, ambapo husema maneno mengine. Ni wito wenye mwitikio ulioandaliwa. Kengele ya kanisa nayo, bila ya kusema neno, humwambia kila mtu saa na mahali, kisha hunyamaza. Kinacholalamikiwa katika mhubiri wa stendi ni kwamba hana saa, hana mwisho, na hana nafasi aliyoiacha.

Mihadhara ya dini iliyoshamiri Tanzania katika miaka ya 1980 na 1990 ni mfano wenye kufundisha zaidi, na asili yake ina uhusiano na njia ya misafara. Ngariba Mussa Fundi na Mohammed Ali Kawemba, wahubiri wa Kiislamu waliotumia Biblia katika hoja zao, walitokea Kigoma, mwisho wa njia ile. Mihadhara ya namna hiyo hupangwa kama mazungumzo: mmoja hutoa hoja, mwingine huamriwa *soma*, naye husoma aya, kisha hoja huendelea, wasikilizaji huruhusiwa kuuliza, na aghalabu mhubiri wa upande wa pili hualikwa. Kwa upande wa Wakristo, mikutano ya injili ya hadhara ya wahubiri kama marehemu Askofu Moses Kulola (1928–2013), aliyeanzisha kanisa la EAGT mwaka 1991, ilikuwa na mpango wake wa wito na mwitikio, ambao kilele chake ni pale mwenye kuguswa anapotakiwa aje mbele kwa miguu yake. Katika mpango wa kwanza mwitikio ni swali. Katika wa pili ni hatua. Yote miwili inamtambua msikilizaji kuwa ana la kufanya.

Hata hivyo mihadhara ilileta mgogoro. Wengi waliosikia dini yao ikijadiliwa kwa kipaza sauti hawakuwa uwanjani. Walikuwa majumbani mwao, ambako sauti iliwafikia lakini swali lao halikuweza kwenda. Februari 1998 mabishano kuhusu mahubiri ya Msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam, yaliishia katika makabiliano na polisi na watu wakapoteza maisha. Sababu za tukio lile ni za kisiasa na za kihistoria, na si kazi ya makala ya isimu kuziamua. Linalohusu hapa ni kwamba neno moja lina uzito tofauti kwa anayeweza kulijibu na kwa asiyeweza.

Sheria za Tanzania zina njia mbili za kulikabili suala hili. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu maneno yanayosemwa kwa nia ya kuumiza hisia za kidini, kinatazama maudhui. Kanuni za mwaka 2015 kuhusu viwango vya kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinatazama kiwango cha sauti, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira hupima kwa desibeli. Hapana inayotazama jambo la tatu, yaani nani anaitwa na kama anaweza kuitika. Hii ndiyo sababu maofisa hupima, hutoza faini, na malalamiko yakabaki palepale. Mvua ya masika juu ya bati ina sauti kubwa kuliko mhubiri mmoja, na hapana aliyewahi kuilalamikia kwa kuwa inamwita.

6.0 Ndani ya basi

Ipo mahali moja ambapo mhubiri wa mjini huitikiwa kwa wepesi, napo ni ndani ya basi la safari ndefu kabla halijaondoka, au muda mfupi baada ya kuondoka. Kwa kanuni za Goffman hapo ndipo angetarajiwa kuchukiwa zaidi, maana abiria hawezi kuondoka. Na kweli wapo wanaochukia. Wengine hujifanya wamelala tangu mhubiri apande. Lakini mpangilio wa mahubiri hayo ni wa pekee. Mhubiri huomba ruhusa kwa dereva au kondakta, yaani hubisha hodi. Huwaamkia *abiria wenzangu*, hata kama yeye atashuka kituo cha kwanza. Huhubiri kwa muda anaojua una mwisho. Kisha huomba kwa ajili ya safari: dereva, usukani, matairi, breki, barabara, na wanaowangoja abiria waendako. Mwishowe hupitisha mkono kwa sadaka.

Katika ombi la safari ndipo *amina* husikika hata kutoka kwa waliokuwa kimya, na wakati mwingine kutoka kwa Waislamu waliokaa dirishani. Ombi hilo halina kirejeshi. Mhubiri haachi mtu mmoja mbele ya wengine kwa kumwita *wewe uliyebeba* wala *wewe usiyeamini*. Hutumia nafsi ya kwanza wingi: *tufike salama*, *utulinde*, *barabara yetu*. Kiambishi *tu-* kinawahusu wote kwa ukamilifu, kwa kuwa wote wamo katika chombo kimoja na tairi likipasuka litapasukia wote. Kwa muda wa dakika chache abiria wasiojuana huwa msafara, na aliyesimama katikati ya viti huwa na cheo kinachokaribiana na cha kirangozi: anatangaza safari, na kambi inaitikia.

Basi la kutoka Dar es Salaam likifika Tabora, abiria hushuka na kutawanyika kuelekea Gongoni, Isevya, Ng'ambo na kwingineko. Mwanamke aliyekuwa *mama uliyebeba kikapu* katika stendi ya asubuhi huwa tena Mama Fulani kabla hajafika mlangoni pake, kwa kuwa mtoto wa jirani amekwisha kumpokea kikapu na kumwamkia. Naye humwitikia *marahaba*, kisha huulizwa habari za safari.